Zile za Kujaribia Moto

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipitisha kwenye duka la mikate karibu na stendi ya Sumbawanga. Ndani ya kabati la kioo, kati ya maandazi na keki zilizopakwa rangi, zilipangwa soseji zilizoviringishwa ndani ya unga, zimekatwa vipande vifupi, juu zinang'aa kwa yai. Binti muuzaji aliona nimezikazia macho akaniambia kwa upole, "Hizo zinaitwa soseji roli, bibi. Zimeingia mjini juzi juzi tu."

Sikumbishia binti wa watu. Nilinunua moja, nikaipasua katikati, nikainusa kabla ya kuila, na mjukuu wangu akaona aibu kidogo kusimama na mimi. Mafuta ya nguruwe na unga wa ngano vikishaiva pamoja vina harufu ambayo haifanani na kitu kingine chochote. Ilinitoa pale stendi ikanirudisha kwenye jiko la nyumbani kwetu, mvua ya Desemba inapiga kwenye nyasi za paa, na Baba amekunja mikono ya shati.

Baba alikuwa mpishi. Vijana wengi wa Kifipa wa wakati wake walikwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka, upande wa Abercorn, ambapo sasa panaitwa Mbala. Yeye aliangukia jikoni kwa mzungu mmoja wa kazi za kuangamiza nzige. Mzungu yule na mkewe walikuwa watu wa Uingereza, na kwao sikukuu ya Krismasi bila chakula kile haikuwa sikukuu. Baba alijifunza kwa kusimama nyuma ya yule mama, kisha kwa kukosea, kisha kwa kuachiwa jiko lote. Aliporudi Ufipa na kuoa, hakushika sufuria tena. Jiko lilikuwa la Mama na hakuna mwanamume wa kijijini kwetu aliyekaa jikoni. Ila siku moja kabla ya Krismasi, kila mwaka, Baba alimtoa Mama jikoni kwa heshima zote, akamwekea kigoda barazani, akaingia yeye. Majirani walipita wakimtania. "Leo mama mwenye nyumba ana ndevu," walisema. Baba aliwajibu kwamba kesho wasije kuomba, na kesho yake walikuja, na aliwapa.

Sisi watoto tuliziita soseji za shuka, kwa sababu nyama ililazwa ikafunikwa kama mtu aliyelala kwenye baridi. Na baridi yetu, wa rika langu mtaikumbuka. Baba aliisifia baridi ile. Alisema Mungu aliiumba Ufipa kwa ajili ya unga wa namna hii, maana kule Abercorn walihangaika na sanduku la barafu, na yeye kwetu alifunga mafuta kwenye kopo, akalizamisha kisimani alfajiri, na lilipotoka lilikuwa gumu kama sabuni ya mche. Alikata mafuta yale kwa kisu, vipande kama punje za mahindi, akavichanganya na unga kwa ncha za vidole tu. Viganja alivikataza. "Viganja vina moto," aliniambia. "Mafuta yasijue habari za moto mpaka yaingie ndani ya debe." Kisha maji ya kisima kidogo, kisha kusukuma kwa chupa, kukunja mara tatu kama barua, kupumzisha kwenye ubaridi, kusukuma tena. Nyama aliikatakata kwa visu viwili mpaka ikawa laini, akatia kitunguu, pilipili manga na mkate mkavu uliosagwa. Kuna majani fulani ambayo kwa wazungu yaliota bustanini na kwetu hayakuwepo, hivyo yeye aliweka majani mabichi ya kitunguu. Yai alilipaka juu kwa unyoya wa kuku. Kazi ya kutafuta unyoya safi ilikuwa yangu tangu nikiwa mdogo sana, na kadiri nilivyokua ndivyo alivyoniachia kazi nyingine, moja baada ya moja, bila kutangaza.

Oveni yetu ilikuwa debe la mafuta ya taa lililolazwa ubavu na kuzungushiwa matofali na udongo, moto chini, makaa juu. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari kama madawati ya shule, watu walibeba milango na vitanda kwanza. Baba alibeba debe lake begani.

Jambo moja katika upishi ule sikulielewa. Kabla nyama ya nguruwe haijaingia jikoni kabisa, ingali imening'inia kwa jirani au chini ya paa la nje, Baba alianza kwa kutengeneza soseji chache za namna nyingine. Unga wake aliukanda kwa samli badala ya mafuta ya nguruwe. Ndani yake aliweka samaki mkavu wa ziwani aliyelowekwa, akachambuliwa miiba na kupondwa na kitunguu. Chupa ya kusukumia aliiosha kwa majivu na maji ya moto, meza akaisugua, na alizioka kwenye sinia ambalo halikutumika kwa kitu kingine mwaka mzima. Zikiiva, aliziweka kwenye bakuli la bati, akalifunika kwa kitambaa na kulipandisha juu kabisa ya kichanja, mbali na mikono yetu. Ndipo nguruwe akaitwa ndani.

Nilimwuliza mara moja zile ni za nini. Alikuwa ameinamia debe, anapuliza. Akasema, "Hizi za kwanza ndizo zinazotuonyesha moto ukoje." Nikaridhika. Kwa miaka yote niliyomsaidia niliamini kuwa zile ni za majaribio, kwamba mpishi wa kweli hawezi kuhatarisha nyama nzuri kwenye moto asioujua, kwa hiyo anatanguliza vitu hafifu. Zilikoishia sikujua. Wageni wa sikukuu walikula sebuleni na Baba, sisi watoto tulikula jikoni na Mama, na hakuna mtoto aliyeuliza bakuli la bati limekwenda wapi wakati sinia lenyewe limejaa mbele yake.

Mama alifariki akimzaa mdogo wetu wa mwisho, Dismas. Tukabaki na Baba sisi watatu, mimi mkubwa, Krispini ananifuata kwa mbali, na huyo kichanga. Nilikuwa darasa la sita Baba alipoanza kuumwa kifua. Niliacha shule kwa muda, nimwangalie yeye na wadogo zangu, na muda ule haukuisha. Alituacha baada ya mavuno ya ngano, Dismas akiwa ndiyo kwanza ameanza kujifungia vifungo vya shati mwenyewe.

Baada ya matanga, kaka yake Baba, ambaye tulimwita Baba Mkubwa, alisimama mbele ya watu. Alikuwa mfugaji kutoka Kate, mtu mrefu, sauti nzito, hana ubaya lakini hana nafasi ya kusikiliza. Alisema nyumba isiyo na mkubwa si nyumba. Sikukuu ya pili, siku inayofuata Krismasi, ndugu wangekutana pale pale kwetu na kugawana watoto. Krispini angekwenda Kate kuchunga. Mimi ningekwenda Mollo kwa Shangazi, dada yao, nimsaidie shamba. Dismas angechukuliwa na Mjomba, kaka yake Mama, ambaye alikuwa akiishi Kasanga ziwani, akifanya biashara ya samaki. Mjomba hakuwepo siku ile ya matanga, boti ilimchelewesha. Tuliletewa habari baadaye kwamba amekubali.

"Mimi Kate siendi," Krispini aliniambia wageni walipotawanyika. "Ng'ombe wa Baba Mkubwa ni wengi kuliko meno yake, na kila mmoja ana jina. Nitaanza lini kuyajua?"

"Utajifunza."

"Na wewe Mollo utajifunza nini?"

Niliogopa kitu kimoja tu, na nilikiogopa kila nilipomfunika Dismas usiku. Kasanga ni chini kule, barabara inateremka milima mpaka masikio yanaziba. Mtoto wa umri ule akipelekwa kule atakua akiniita jina langu kama anavyoita jirani. Angesahau kwamba mimi ni dada yake. Wengine wawili tungeweza kukumbukana, tulikuwa wakubwa. Yeye hapana.

Krismasi ilipokaribia nikaamua kupika zile soseji. Mkinihoji leo nitashindwa kueleza vizuri hesabu ya akili yangu ya wakati ule. Niliamini kwamba wakubwa wakiingia sebuleni wakakuta chakula kile kile, kwenye sinia lile lile, wataona nyumba bado ina mwenyewe, na watu hawagawani vitu vya mwenyewe akiwapo. Ni mawazo ya mtoto. Lakini sikuwa na mawazo mengine.

Unga ndio ulikuwa shida. Mnakumbuka hali ya maduka ya kijiji wakati ule, rafu zimejaa viberiti na hakuna kingine. Ngano yetu wenyewe ilikuwepo kidogo, ile ya shamba la nyuma ya nyumba aliloliacha Baba, lakini mashine ya kusaga ilikuwa imekosa dizeli. Nilisaga kwa jiwe, kama bibi zetu, nikachekecha kwa kitambaa mpaka mikono ikafa ganzi, na unga uliotoka haukujaza hata nusu ya beseni. Nyama tulipewa. Balozi wetu wa nyumba kumi alichinja nguruwe, akaniletea paja na mafuta ya tumboni yamefungwa kwenye jani la mgomba. Nilipoanza kushukuru akanikatiza. "Baba yako alinilisha kila Krismasi, nami nikimcheka ndevu zake," alisema. "Nenda kapike."

Siku ile ya kupika ilinyesha tangu asubuhi. Kuni zilikuwa mbichi, debe lilikaa miezi bila moto, kwenye pembe lilikuwa limeanza kutoboka. Nilimwambia Krispini aiache nyama ya balozi chini ya paa la nje. Nikachukua samli, nikachukua samaki mkavu niliyempata kwa jirani, nikaanza kuosha chupa kwa majivu.

Krispini alisimama mlangoni, maji yanamtiririka. "Unafanya nini?"

"Zile za kujaribia moto."

"Na unga ndiyo huo?"

"Ndiyo huo."

"Dada, unga ni huo halafu unataka kuupa moto uonje? Choma kiazi. Kiazi kikiiva, moto upo."

Alikuwa na akili zaidi yangu, na bado anayo. Kwa hesabu alikuwa sahihi kabisa. Nilisimama na chupa mkononi nikafikiria kumsikiliza. Lakini niliona kwamba nikianza kuacha hiki kwa sababu sielewi na kile kwa sababu ni kigumu, nitakachopika kitakuwa chakula changu, na mimi nilihitaji kiwe cha Baba. Nikamwambia kwamba Baba hakuchoma kiazi. Akasonya, akaenda kupasua kuni, na alipasua vizuri.

Za samaki zilitoka zimeungua upande mmoja, maana moto ulikaa pembeni. Nikaziweka kwenye bakuli la bati, nikazifunika, nikapanda kigoda na kuziweka juu ya kichanja. Nikausogeza moto. Za nguruwe zilipotoka zilikuwa zimefunguka majani majani kama kitabu kilicholowa na kukauka, rangi ya chungu kipya, na Dismas akakaa chini mbele ya sinia. Nilimpa moja, Krispini moja, mimi nikala mabaki ya pembeni. Krispini alitafuna kwa muda mrefu akiangalia ukuta. "Ni yenyewe," akasema, na akatoka nje.

Sikukuu ya pili wageni walifika. Shangazi wa Mollo alikuja wa kwanza kwa miguu, viatu kichwani kwa sababu ya matope, akaingia moja kwa moja jikoni kunisaidia maji. Baba Mkubwa alikuja na baiskeli. Mjomba alifika mchana juu ya lori lililopakia magunia ya dagaa. Alikuwa mwembamba, ana kofia yake nyeupe ya kufuma, na ananuka ziwa. Mkononi alikuwa na mkoba wa ukindu, na nilipoupokea niliona ndani yake shati dogo jipya la bluu, limekunjwa vizuri.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Poleni. Sikuwazika wazazi wenu hata mmoja, ziwa limeninyima."

Niliwaandalia sebuleni. Baba Mkubwa alichukua soseji ya kwanza kabla sijaliweka sinia sawasawa. Akaila yote, akachukua ya pili. "Hizi ndizo za marehemu," alimwambia Shangazi. "Nilidhani amezikwa nazo."

Shangazi alisema polepole, "Amemwachia binti."

Mimi nilikuwa namwangalia Mjomba. Alikuwa amekaa na kikombe chake cha chai ya rangi, mkono mwingine gotini, anaangalia mlango kwa adabu. Nikajisikia vibaya sana. Nilijua Mjomba ni Mwislamu, alisilimu alipooa kule ziwani, na nilijua hali nguruwe. Nimepika kwa ajili ya watu watatu na mmoja wao, yule anayekuja kumchukua Dismas, sikumfikiria kabisa. Nilirudi jikoni kutafuta kiazi, chochote. Nikainua macho nikaona bakuli la bati.

Nililiteremsha. Zilikuwa zimepoa na ule upande ulioungua ulionekana zaidi. Nikaenda nikapiga goti mbele yake. "Mjomba, samahani. Hizi zilikuwa za kujaribia moto. Lakini ni za samaki, na hazikugusana na nguruwe. Hata unga wake ni wa samli."

Alitazama bakuli. Akafunua kitambaa, akakirudisha tena, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. "Umeziokea kwenye sinia gani?"

"Lile jembamba. Halitumiki kwa kitu kingine."

"Chupa?"

"Niliiosha kwa majivu. Nguruwe alikuwa nje bado."

"Nani kakwambia ni za kujaribia moto?"

"Baba."

Mjomba akaweka kikombe chini. Hakucheka wala hakulia, aliangalia mikono yake. Kisha akamwambia Baba Mkubwa, si mimi, "Shemeji, unajua niliposilimu nyumbani kwetu walisemaje? Kaka zangu walisema nimekataa sufuria ya mama yangu, basi nisitie mguu kwao sikukuu. Nikaja hapa kwa dada yangu, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Mumewe hakuniuliza kitu. Akaniletea bakuli hili. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Kila nikija, bakuli hili, na hajawahi kunieleza kazi aliyoifanya. Kumbe hata mtoto hakumwambia." Akachukua moja, akaanza kwa upande ulioungua.

Hapo ndipo nilipojua. Nilibaki nimepiga goti pale, na nilichofikiria, nakumbuka vizuri, ni kwamba Baba hakunidanganya. Kweli zilituonyesha moto.

Baba Mkubwa akajifuta mikono. "Haya. Tumekula. Sasa tuseme yaliyotuleta. Krispini anaondoka na mimi kesho. Binti kwa Shangazi yake. Mdogo—"

"Mdogo simchukui," Mjomba alisema.

"Humchukui? Si ulikubali?"

"Nilikubali."

"Sasa nani amchukue? Mimi nyumba imejaa."

"Anaye wa kumlea. Huyu hapa."

Baba Mkubwa alinitazama kama vile nimeingia wakati ule. "Huyu? Huyu mwenyewe bado analelewa. Shemeji, usichanganye mambo. Soseji hailei mtoto."

"Hailei. Ndiyo maana nitaleta samaki. Kila lori likipanda kutoka Kasanga litateremsha hapa." Akatafuna kidogo. "Huyu binti alikuwa na unga kidogo, sote tunajua hali ya unga. Akaufanyia kazi ambayo hajui ni ya nani, kwa sababu baba yake aliifanya. Mimi na wewe tutamfundisha nini cha kuzidi hapo?"

"Ni mtoto," Baba Mkubwa alisema tena, lakini taratibu.

Shangazi aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akanyoosha miguu. "Mdogo akibaki, huwezi kumchukua Krispini. Kuni atapasua nani? Na mimi Mollo si mbali. Wakati wa palizi nitakuwa nalala hapa." Kisha akaongeza kwa sauti ile ile, "Na kaka, umekula soseji za watoto hao mpaka sinia limeisha. Usiwatawanye na tumbo limejaa."

Baba Mkubwa aliangalia sinia. Nadhani hakuwa amejua. Akakohoa. "Mpaka mavuno," alisema hatimaye. "Mkishindwa, nakuja na mkokoteni, na sitakula kitu."

Krispini alikuwa nyuma ya mlango muda wote, na nilimsikia akiteleza ukutani mpaka akakaa chini.

Mjomba aliondoka asubuhi na lori lile lile. Alimwita Dismas, akamvalisha lile shati la bluu, akamfunga vifungo, Dismas akavifungua na kuvifunga mwenyewe ili amwonyeshe. Mjomba alimwangalia mpaka akamaliza. Kisha akapanda juu ya lori akakaa kwenye magunia matupu, mkoba wa ukindu mapajani, na hakutupungia mkono. Nami, kwa akili zangu za utoto, nilielewa kwamba amefurahi kuepuka mzigo. Nilimshukuru, lakini nilimshukuru kama mtu aliyetuachia kitu asichokihitaji. Niliwaza kwamba mtu wa boti na biashara angempeleka wapi mtoto mdogo.

Hatukushindwa. Baba Mkubwa alikuja baada ya mavuno kama alivyosema, akazunguka nyumba, akagusa ghala, akamwuliza Dismas nani anakulisha, Dismas akanionyesha kwa kidole. Alituachia ndama. Shangazi alilala kwetu kila palizi mpaka miguu ilipomshinda. Balozi alinisimamia kwenye mgawo wa kazi za shamba la kijiji ili nisipangiwe mbali na wadogo zangu. Na samaki walikuja, kwenye lori moja au jingine, wamefungwa kwa kamba ya katani, madereva wanapiga honi barabarani bila kusimama wakitupa furushi. Shule sikurudi. Wadogo zangu walisoma wote wawili, Krispini mbali kuliko mwalimu wake. Watu huniuliza kama sikuumia, nami husema ukweli kwamba niliumia asubuhi nyingi, kengele ilipogongwa nami nina mtungi kichwani. Lakini watu wale waliniachia kitu nilichokiomba, na nimekuwa nacho maisha yote.

Kasanga nilikwenda kwa mara ya kwanza nikiwa nimeshaolewa. Mjomba alikuwa amezeeka, haendi tena ziwani, na Dismas alikuwa amepata kazi yake ya kwanza akataka akamsalimie. Tulishuka pamoja, masikio yakaziba. Nyumba yao ilikuwa safi na kimya. Hapo ndipo nilipotambua, mtu mzima mimi, jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote na sikuwahi kuliwaza: Mjomba na mkewe hawakujaliwa mtoto.

Mkewe alitukaribisha chumba cha pili, akaomba radhi kwa nyavu na magunia yaliyojaa mle. Kisha akaondoa nyavu kutoka kwenye kitu kimoja pembeni ya ukuta ili tupate pa kukaa. Kilikuwa kitanda. Kilitengenezwa kwa mbao za mtumbwi, na fundi alikuwa amezilainisha pembe zake ili zisimwumize mtu, na kilikuwa kifupi kiasi kwamba hakuna mtu mzima angeweza kukilalia.

"Kaa," alimwambia Dismas. "Ni chako. Kilimalizika wiki moja kabla ya ile Krismasi."

Dismas alicheka kwa heshima, hakuelewa, akakaa. Ni mrefu kama Baba Mkubwa, magoti yakamfika karibu na kidevu. Mjomba alikuwa amefika mlangoni na fimbo yake. Alisimama pale akamtazama kijana amekaa juu ya kitanda kile kwa muda mrefu, mpaka mkewe akainamisha uso na kuanza kukunja nyavu.

"Umekuja, mjomba," mzee alimwambia. "Basi sogea kidogo, na mimi nikae."